Mzee Othmar na Picha Iliyojificha Ukingoni mwa Kitabu

Ijumaa ya tarehe 27 Juni 2025, saa nane mchana, Mzee Othmar Kinunda atastaafu baada ya kukitumikia Kiwanda cha Uchapaji Lumeme kwa miaka thelathini na saba. Aliingia hapa Mbinga mjini mwaka 1988, kijana kutoka Kitura, na muda wote huo amefanya kazi katika chumba kimoja, chumba cha kujalidi vitabu, kile cha nyuma kinachotazamana na bomba. Hayo ndiyo ninayoweza kuyaandika kwa uhakika. Leo ni Jumatano, programu hii ya kumuaga inaingia mashineni Ijumaa asubuhi, na mstaafu mwenyewe hayupo. Aliondoka jana alfajiri. Kazi yake ya mwisho iko mezani, imebanwa katikati ya mbao mbili, haijaisha, na mwenye kitabu anahama Mbinga kwa basi la Jumamosi. Nimeacha nafasi tupu kwenye ukurasa wa mwisho na ninaomba Mungu nipate cha kuijazia.

Kwa wageni wetu, anayeandika ni Devotha Mbele, mpanga kurasa. Chumba changu na cha Mzee Othmar vinatenganishwa na ukuta wa mbao, kwa hiyo nimeuzoea mwendo wake: aende dirishani, arudi mezani, aende kabatini, arudi mezani, afungue mlango kuona kama mvua imeanza, arudi tena. Zamani ulinikera. Tangu jana upande ule ni kimya, na mimi ndiye ninayekwenda dirishani.

Mzee Othmar hajui kukaa. Meneja wetu, Bwana Bernadi Kapinga, aliwahi kumnunulia kiti kizuri chenye mto, akamkabidhi mbele ya wafanyakazi wote tukapiga makofi. Mzee alishukuru sana, na siku hiyohiyo akakiwekea kopo la gundi juu yake. Hadi leo kiti ni cha gundi. Yeye hushona vitabu akiwa amesimama, hula akiwa amesimama, na katika vikao vya wafanyakazi husimama karibu na mlango kama mtu aliyeacha chungu jikoni. Ukimuuliza kwa nini, atasema kitabu hakishonwi kwa makalio.

Vitabu vya nyimbo vya vigango, makanisa yale madogo ya vijijini, karibu vyote vya milima hii vimepita mikononi mwake, na vingi viko hai baada ya kuangushwa, kunyeshewa na kukaliwa na wanakwaya. Alikuwa akivipeleka mwenyewe kwa baiskeli, na baadaye kwa bodaboda, kwa kisingizio cha kwenda kuhakikisha vimefika. Ukweli ni kwamba alitaka kutoka. Amefika kila kona ya nyanda za juu hizi. Mahali pamoja tu hakupafikia, ufukwe wa Ziwa Nyasa. Vitabu vya kule alivipakia kwenye basi la Mbamba Bay, akasimama kituoni hadi basi lipotee, akarudi. Anaogopa maji na hajawahi kulificha jambo hilo. Utotoni aliliona ziwa kutoka juu, pale barabara inapoanza kuteremka, akaona limetosha.

Sasa niwaeleze jambo lililomfanya ajulikane, maana wengine mnalisikia tu. Masika moja, miaka ya tisini, paa la stoo lilivuja. Miongoni mwa vitabu vilivyolowa kilikuwamo kimoja cha zamani cha Wazungu, kilicholetwa na padri mmoja kitengenezwe mgongo. Mzee Othmar alikisimamisha juani akaziinamisha kurasa upande mmoja ili upepo upite. Alipogeuka akaona mji. Ukingoni mwa kurasa, pale ambapo kwa kawaida huoni kitu ila weupe wa karatasi, palikuwa na nyumba, mto na daraja. Akakifunga kitabu, mji ukatoweka. Akaziinamisha tena, ukarudi. Alituambia kwamba kwanza alijigusa paji la uso akidhani ni homa, kisha akawaita watu wote waliokuwa zamu, akiwamo mlinzi.

Siri yake ni rahisi kuieleza na ngumu kuitenda. Unazilaza kurasa kidogo, kama mtu anayetaka kuzipekua kwa kidole gumba, na kila ukurasa unachungulia kwa upana wa uzi. Unazibana zikiwa hivyohivyo. Juu ya nyuzi hizo za karatasi unachora picha kwa rangi ya maji, kwa brashi iliyokaribia kukauka, kwa kuwa tone moja la ziada linazama ndani na kuharibu kitabu. Ikikauka unazifungua, kitabu kinajifunga sawasawa, unaupaka ukingo rangi nyekundu na nta, na picha inakuwa haipo. Itaonekana tu kwa mtu atakayezilaza kurasa upande uleule. Mafundi wa Ulaya walifanya hivyo zamani kwa ajili ya matajiri. Hapa kwetu hakuna aliyemfundisha Mzee Othmar. Alihangaika peke yake karibu miaka miwili, akaharibu karatasi nyingi, na Mama Hedwiga mkewe anasema hata nyumbani alikuwa akiinamisha kalenda.

Picha yake ya kwanza iliyokubali ilikuwa ya mashamba ya ngoro ya kwao Kitura, yale mashimo ya mraba yanayofunika mteremko mzima. Aliichora kwenye kitabu cha nyimbo cha kwaya, bila kuwaambia. Mwanakwaya mmoja akaigundua katikati ya mahubiri, akamwonyesha wa pili, na ilipofika zamu ya kuimba, nusu ya sauti ya tatu ilikuwa bado inainamisha kurasa. Paroko alileta ujumbe kwamba vitabu vya kwaya viletwe bila michoro. Mwezi uliofuata akamtuma katekista na kitabu chake mwenyewe cha sala, akiuliza kama kuna nafasi ya kuchorwa kanisa la kijijini kwao.

Basi hapo ndipo anapoingia Bi Biubwa.

Bi Biubwa binti Azizi mnamfahamu, angalau kwa duka lake la vitenge karibu na soko. Babu yake alitoka Kilwa akafuata biashara hadi Ngumbo, kule ziwani, na baba yake akaendeleza duka palepale ufukweni. Bi Biubwa alizaliwa Ngumbo, akaolewa huku mjini, na sasa miguu imechoka, hivyo binti yake Hafidha anamchukua wakaishi pamoja Lindi. Mwezi uliopita alimletea Mzee Othmar kitabu cha babu yake: dua na tenzi, kimeandikwa kwa mkono, lugha ni Kiswahili lakini herufi ni za Kiarabu. Uzi ulikuwa umekatika na jalada lilining'inia. Aliomba kijalidiwe upya, na ukingoni afichiwe Ngumbo, aondoke nayo. Alimweleza kila kitu: duka la matofali ya udongo, mlango wa bluu, jiwe la kufulia alilokalia utotoni mama yake akifua, milima nyuma. Akaweka sharti moja, kwamba asichorwe mtu wala mnyama, kwa kuwa ndani mna dua.

Mzee Othmar aliifanya kazi hiyo kwa furaha niliyoisikia kupitia ukutani. Alichagua ngozi laini, akachapa pambo la nyota kwenye jalada la mbele, akachora, akapaka nta. Jumatatu ya wiki hii Bi Biubwa akaja kukichukua. Mzee akampa shikamoo, akampa kitabu, akarudi nyuma kidogo na mikono kifuani, tukasimama kusubiri.

Bi Biubwa akakigeuza. Pambo la nyota lilikuwa nyuma. Akakishika kama anavyokishika maisha yake yote, kwa kuanzia kulia, akazilaza kurasa. Nyekundu tupu. Akazilaza tena taratibu zaidi, akakisogeza kwenye mwanga wa dirisha. Hakuna kitu. Mimi nilianza kutafuta mahali pa kutazama.

Mzee Othmar akakiomba, akazilaza kurasa kwa upande wake, na ziwa likajitokeza zima, la bluu, maridadi. Alitabasamu, halafu nikaona tabasamu likimwondoka usoni. Miaka yote hii amejalidi vitabu vya kigango, vya shule na vya chama cha ushirika, vyote vikifunguka kutoka kushoto. Alishona kurasa sawasawa kwa kuwa mikunjo yenyewe ilimwongoza. Lakini pambo na picha viliongozwa na mkono, na mkono ulikuwa na mazoea yake. Ili Bi Biubwa aione Ngumbo, ingembidi akifungue kitabu cha babu yake kuanzia mwisho.

Hilo peke yake lingetosha kuiharibu siku. Lakini Bi Biubwa aliitazama ile picha kwa muda mrefu, kisha akauliza, kwa adabu kabisa, hapo ni wapi. Maana katika picha ziwa lilikuwa chini, mbali, linang'aa, na duka lilikuwa nukta pembeni mwa maji. Mlango wa bluu usingeuona hata kwa miwani. Mzee Othmar alikuwa amechora ziwa analolijua yeye, ziwa la mtu aliyesimama juu mlimani. Bi Biubwa alisema maneno ambayo sijayasahau: "Fundi, mimi sikuwahi kuliona ziwa kutoka juu. Mimi nilikuwa huko chini."

Mzee akachukua msasa aifute. Bi Biubwa akaufunika ukingo kwa kiganja chake, akamwambia aiache kwa kuwa imependeza, ila na yeye achorewe ya kwake kwa upande wake. Kisha akakumbusha kwamba basi ni Jumamosi, akaaga, akaondoka akimshikilia Hafidha mkono.

Jambo hilo linawezekana. Kurasa zikilazwa upande mmoja zinaonyesha picha moja, zikilazwa upande wa pili zinaonyesha nyingine, wala hazigusani. Wanasema kuna vitabu vya namna hiyo kwenye makumbusho, lakini Mzee Othmar hakuwahi kujaribu. Mimi nikatoa simu nikamtafutia picha za Ngumbo. Zilikuwapo, ila zote zilikuwa za maji, machweo na mitumbwi, kwa sababu kila anayefika pale na simu huyapa mgongo makazi ya watu na kulipiga picha ziwa. Alizitazama zote akiwa anazunguka meza. Hakuna hata mmoja aliyepiga picha ya nyuma yake. Mzee alinirudishia simu, akaenda dirishani, akarudi, akaenda tena.

Kesho yake alfajiri akaondoka. Mama Hedwiga, nilipompigia, alisema amechukua sweta, rangi, karatasi na viazi vya kuchemsha, na kwamba ameteremka ziwani. Alisema hivyo huku akicheka, kisha akaniuliza kama mimi najua kina cha maji kule. Nami nikajua kwamba simcheki tena Mzee Othmar. Bwana Bernadi ameshaniuliza mara kadhaa leo kama kuna habari. Nimemjibu kwamba simu haipatikani. Ninaiacha kalamu hapa, maana hata sentensi hii nimeiandika nikiwa nimesimama.

*

Ni Alhamisi mchana. Nimwombe msomaji radhi kwa kurasa kuandikwa vipande vipande.

Alirudi jana jioni. Nilimsikia kabla ya kumwona, mwendo uleule, dirishani na mezani. Suruali yake ilikuwa na alama ya maji hadi juu ya magoti na viatu vilikuwa vimening'inia shingoni kwa kamba zake. Hakutaka kueleza kitu, alitaka mwanga, lakini mji huu wa Mbinga haufichi habari. Dereva wa bodaboda aliyempeleka kutoka Mbamba Bay hadi Ngumbo, Praygod, ana shangazi anayeuza chai mbele ya kiwanda, na asubuhi ya leo tulikuwa tunajua yote.

Walifika Ngumbo, wakauliza duka la Mzee Azizi. Halipo. Umebaki msingi wa mawe, na kina mama waliokuwa wakifua wakawaonyesha. Mzee Othmar akasimama msingini akatazama milima, lakini kutoka pale msingi wenyewe hauonekani, upo chini ya miguu. Akarudi nyuma hadi mchangani. Bado. Jiwe la kufulia lilikuwa nyuma yake zaidi, ndani ya maji, na ili kuona alichokiona mtoto aliyekuwa akikaa pale, ilimbidi afike hapo. Praygod anasema alisimama sana akiwa ameshika viatu. Akauliza kama kuna mamba. Kina mama wakasema leo hakuna. Mmoja akaongeza kwamba kesho hawaahidi. Basi akaingia.

Aliingia hadi magotini, akageuka akalipa ziwa mgongo, akaanza kuchora. Kila wimbi dogo lilipomgusa alinyanyua mguu, ndivyo anavyosema Praygod, na kina mama walicheka hadi wakaacha kufua. Lakini hakutoka. Alikaa humo hadi jua likahamia upande wa ziwa, na Praygod ndiye aliyechoka kwanza. Usiku walilala kwa ndugu wa mmoja wa wale kina mama, ambaye alimpa dagaa wa kuondoka nao na kumwambia arudi siku ya kufua.

Mtu huyu ndiye tuliyemjua kwa miaka thelathini na saba kama mtu asiyefika ziwani. Leo yupo upande wa pili wa ukuta. Kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe sisikii hatua zake kabisa, maana picha ya namna hii haingojei mtu anayetembea. Kabla ya kuanza aliondoa kopo la gundi kwenye kiti. Nilichungulia nikamkuta ameketi, nikafunga mlango polepole. Brashi moja iliyolowa kupita kiasi, na dua za babu yake Bi Biubwa zitaingia rangi, na hakuna siku nyingine.

*

Ijumaa asubuhi. Fundi mitambo amekwisha kuwasha mashine na ananitazama.

Bi Biubwa amekuja saa mbili na Hafidha. Mzee Othmar alikuwa amechapa nyota ya pili, kwa hiyo kitabu sasa kina mbele pande zote mbili. Shikamoo ilitoka kwa sauti ndogo. Bi Biubwa akakipokea, akakishika kwa kuanzia kulia, akazilaza kurasa.

Milima ikasimama. Chini yake duka, na mlango wa bluu umefunguliwa. Mbele yake mchanga, na mtumbwi mtupu umevutwa juu. Karibu kabisa na mtazamaji, jiwe la kufulia, na juu ya jiwe beseni lenye nguo zilizolowa. Hakuna mtu, kama alivyoagiza. Bi Biubwa alilitazama lile beseni hadi Hafidha akamshika bega. Kisha akasema, si kwa yeyote kati yetu, "Mama ameingia ndani mara moja."

Mimi nililia, na sioni sababu ya kulificha hilo katika programu ya kiwanda.

Alipojifuta macho akakigeuza kitabu, akazilaza kurasa upande wa pili, akaliona tena lile ziwa la mbali na ile nukta pembeni mwa maji. Akamwambia Mzee Othmar kwamba huku ataangalia nyumbani, na huku ataangalia mahali ambapo watu wa milimani walikuwa wakiwatazama, maana alipokuwa mtoto aliwahi kujiuliza kama huko juu kuna mtu anayewaona. Mzee akasema alikuwapo. Akasema alikuwa akiona kitu cha bluu na hakujua kuwa ni mlango.

Kesho basi la asubuhi litamchukua Bi Biubwa na kitabu chake kuelekea Songea na mbele zaidi. Leo saa nane sisi tutamuaga aliyekitengeneza. Mzee Othmar, Kiwanda cha Lumeme kinakushukuru kwa vitabu ulivyovishona tukavisahau kwa kuwa havikuchanika, kwa mwendo wako nyuma ya ukuta, na kwa kuingia majini wiki ya mwisho ya kazi, wakati ambapo hakuna meneja ambaye angekulazimisha. Mama Hedwiga, tunakurudishia mtu wako, na kiti chake tunakupa pia, ingawa kina gundi.

Tunakuombea mapumziko mema, Mzee wetu, na afya ya kuyakataa ukichoka nayo. Wasomaji msijisumbue kuinamisha programu hii mkitafuta picha. Ina kurasa nane tu, haiwezi kuficha kitu. Nimeambiwa hivyo na Mzee Othmar mwenyewe, ambaye asubuhi hii, baada ya Bi Biubwa kuondoka, aliichukua nakala ya majaribio iliyotoka mashineni, akaenda nayo dirishani, akajaribu.